Dawa ya Vidato Hamsini na Viwili

Hapo zamani, nayo si zamani ya majini na masultani bali ni zamani ambayo mimi mwenyewe nimeiishi, palikuwa na nyumba ya ghorofa tatu katika kichochoro chetu cha Mji Mkongwe. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Juu kabisa ya nyumba hiyo aliishi Bi Raya. Umri wake ulikuwa themanini na ushei. Alivunjika nyonga, ikaunga, lakini kushuka hakushuka tena. Kila aliyemwomba ahamie chini alimjibu jibu lile lile: "Nitashuka mara moja tu, na siku hiyo nyinyi ndio mtakaonibeba."

Ng'ambo ya kichochoro, katika nyumba ya chini, aliishi binti yake, Bi Moza, pamoja na mumewe Mzee Suwedi, mshona kofia. Mama juu, mwana chini, baina yao hatua kumi za kichochoro na vidato hamsini na viwili vya ngazi ya mawe. Na Bi Moza hakuweza kuvipanda.

Enzi zetu mtu akinenepa tulisema kanawiri. Siku Moza alipoolewa watu walisema Suwedi kapata mke mwenye mwili wake, na walisema kwa wivu, nami nilikuwamo. Mwili ule ule tulioupigia vigelegele ndio uliokuja kumfungia mlango. Magoti yalikataa, pumzi ikakataa, na miaka mitatu ikapita hajauona uso wa mama yake ila kwa kuinua shingo dirishani. Waliwahi kumpandisha kwa kiti, wanaume wanne. Kwenye kona ya kidato cha kumi na tisa kiti kikakwama, hakiendi mbele hakirudi nyuma, na Bi Moza akalia kwa aibu mbele ya watu aliowalea. Baada ya hapo alisema hatabebwa tena.

Mnajua alichokikosa huko juu? Ijumaa. Kila Ijumaa, tangu hajaota meno ya pili mpaka alipokuwa mtu mzima na mume wake, Moza alipanda kwa mama yake kusukwa. Bi Raya aliyachemsha mafuta ya nazi kwa karafuu, akayaacha yapoe, akamkalisha mwanawe baina ya magoti yake pale juu penye upepo. Sisi wasichana wa jirani tulipanda pia, tukapanga foleni ya vichwa. Ukimaliza unatiwa maua ya asumini, unashuka unanukia, na wavulana wa chini wanajifanya hawakuoni. Ee Mola, zile Ijumaa! Siku hizi nasukwa na mtu anayeongea na simu.

Basi, daktari mmoja akamwandikia Bi Moza sindano za kupunguza mwili, moja kila wiki. Nani atamchoma? Bi Kazija, muuguzi mstaafu, aliyekaa ghorofa ya kati ya nyumba ile ile ya Bi Raya. Kila Jumamosi Kazija alishuka na sindano yake kutoka kwenye friji yake. Kila Jumamosi Bi Moza alifumba macho akasoma dua. Na kila Jumamosi Kazija alimwambia, "Shoga, mimi nimewachoma watoto wa kichochoro hiki wote, na hakuna aliyepiga makelele kama weye."

Miezi saba ikapita. Kilo kumi na nane zikaondoka. Bi Moza akavuka kichochoro bila mkongojo, akagusa kidato cha kwanza kwa mkono, akarudi anacheka. Na Bi Raya, aliyeona yote kutoka dirishani, akatoa ahadi kwa sauti ambayo kichochoro kizima kiliisikia:

"Nina chetezo cha fedha cha kufukizia udi, nilikuja nacho nikiwa bibi harusi. Atakayenifikishia mwanangu hapa juu, chetezo ni chake!"

Ndipo umeme ulipokatika. Siku tisa, mtaa mzima giza. Kazija alihangaika na barafu ya sokoni mpaka ikaisha, na sindano zote zikaharibika. Mpya zikachelewa. Njaa ya Bi Moza ikarudi kama mgeni aliyesahau mzigo wake, na kilo zikaanza kurudi nayo.

Wakati huo Warda alikuwa amerudi kutoka masomoni. Warda ni mtoto wa marehemu kaka yake Bi Moza, daktari sasa, akikaa juu na bibi yake. Akamwambia shangazi yake kwamba vipo vidonge, vinaandikwa kwa cheti kama sindano, na havitaki friji.

Wakakaa barazani kwa Mzee Suwedi kushauriana.

"Shangazi, sikufichi," alisema Warda. "Vidonge si vya nguvu kuliko sindano. Wengine vinawafaa, wengine sindano inawafaa zaidi. Tena ni kila siku, na vina masharti. Unameza asubuhi, tumbo tupu, kwa maji kidogo tu. Kisha nusu saa nzima huli, hunywi chochote. Ukivunja sharti, umemeza bure."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema Kazija. "Sindano tunaijua. Hivyo vidonge vyenu ni unga wa chokaa tu. Subiri sindano zije, shoga."

"Na umeme ukikatika tena?" akauliza Warda.

Bi Moza akawatazama wote wawili. "Nyinyi mnabishana kuhusu dawa. Mie nahesabu siku. Nikisubiri sindano, miezi inapita. Nikibadilisha na vidonge visinifae, miezi inapita vile vile. Na mama hana miezi ya kupoteza."

Akamgeukia mumewe. Mzee Suwedi akaiweka kofia aliyokuwa akiishona. "Tumbo ni lako na mama ni wako. Utakalochagua, niko nawe."

Bi Moza akatoka, akasimama chini ya dirisha. "Mama! Nisubiri sindano, au nijaribu vidonge?"

Bi Raya akachungulia. "Mwanangu, mie sijui sindano wala vidonge. Ninachojua, mkono wangu umeanza kusahau kichwa chako."

Bi Moza akarudi barazani, akasema, "Niandikieni vidonge."

Mwezi wa kwanza ukapita. Hakuna kilichopungua. Zikaongezeka kilo mbili. Kazija akapita akiimba kidogo, na Warda akapekua vitabu vyake asielewe. Akauliza, "Shangazi, unameza kila siku?" Kila siku. "Tumbo tupu?" Bi Moza akaangalia pembeni, akasema ndiyo.

Sasa nisikilizeni hapa. Katika nyumba ile palikuwa na ada ya miaka thelathini na minne. Mzee Suwedi alirudi msikitini baada ya sala ya alfajiri, akawasha jiko mwenyewe, akapika chai ya maziwa yenye hiliki, akamletea mkewe kitandani. Alianza asubuhi ya fungate na hakuacha. Wakigombana, chai ilikuja. Mzee alipofiwa na mama yake, chai ilikuja. Wale wawili hawakujaliwa mtoto, na nadhani maneno mengi ambayo wengine huwaambia watoto, yeye aliyatia kwenye kikombe kile.

Warda akaja siku moja alfajiri, bila kubisha hodi. Akamkuta shangazi yake amekaa kitandani, kidonge kinywani, kikombe mkononi.

"Shangazi! Na chai?"

Mzee Suwedi, aliyekuwa mlangoni na sinia ya vitumbua, akasimama. "Chai ina nini?"

Warda akamweleza. Mzee akaiweka sinia chini pole pole. "Moza, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?" Bi Moza alikuwa analia. "Ningekwambia rudisha chai yako, subiri? Miaka thelathini na minne hujaninyima hata siku moja, leo nikurudishe mlangoni kwa sababu ya kidonge?"

Mzee Suwedi alikichukua kikombe, akaenda kukimwaga uani. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikamwona, na sijawahi kumwona mwanamume akimwaga chai na uso kama ule.

Kesho yake alirudi kutoka msikitini na hakuwasha jiko. Alimpa mkewe kidonge na maji funda moja. Akamshika mkono. "Nusu saa hii hatukai kuitazama jikoni. Twende."

Wakavuka kichochoro. Wakapanda kidato cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Bi Moza akaegemea ukuta, akaita: "Mama! Niko cha tano!"

Kutoka juu: "Nakusikia!"

Wakarudi, nusu saa imekwisha, ndipo chai ikapikwa, na wakainywa wote wawili pamoja.

Wiki ikapita. "Mama! Niko cha tisa!"

"Nakusikia!"

Siku nyingine alishikwa na kichefuchefu, Warda akamjia na ushauri, wakapumzika siku mbili, wakaendelea. Walipopanda Mzee Suwedi alimsimulia habari za kale: siku walipofukuzwa sinemani kwa kucheka, siku alipomshonea mkwewe kofia ikawa ndogo. Hata Kazija, aliyekuwa amenuna, akaanza kufungua mlango wake wa ghorofa ya kati na kuweka kiti. "Si kwa ajili ya vidonge vyenu," alisema. "Ni kwa ajili ya magoti."

"Mama! Niko cha kumi na tisa! Nimeipita kona!"

"Nakusikia, mwanangu!"

Haba na haba. Cha ishirini na nane. Cha thelathini na tano. Cha arobaini na nne. Kichochoro kizima tuliamka mapema kusikiliza namba. Na sauti ya juu ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Ijumaa moja, saa moja na robo asubuhi, hatukusikia namba. Tulisikia kilio cha watu wawili, kisha kicheko. Alikuwa amefika.

Bi Raya akamsuka. Mistari ikaenda upande, na Bi Moza akashuka na kichwa kibaya kuliko vyote alivyowahi kusukwa, akakitembeza mji mzima bila mtandio mpaka Suwedi akamkumbusha.

Kisha ukaja ubishi wa chetezo, maana ahadi ni ahadi.

Kazija akasema: "Ni changu. Kilo za kwanza nilizitoa mimi. Miezi saba nimeshuka ngazi na sindano. Bila mimi asingevuka hata kichochoro."

Warda akasema: "Ni changu. Sindano zilipoharibika, nani alionyesha njia nyingine? Na nani aliyegundua kwa nini dawa haifanyi kazi?"

Mzee Suwedi akasema: "Dawa haijampandisha mtu kidato. Nimempandisha mimi, vyote hamsini na viwili, na nimeiacha ada yangu ya miaka thelathini na minne. Ni changu."

Bi Raya akawasikiliza, akacheka mpaka akakohoa. "Na miguu iliyopanda ni ya nani? Mbona Moza hajasema kitu? Niacheni nifikiri. Ijumaa nitawajibu."

Ijumaa ya pili akamsuka mwanawe, akasema bado anafikiri. Ijumaa ya tatu akamsuka, akasema bado. Ijumaa ya nne haikumkuta. Alishuka vile vidato mara moja tu, kama alivyosema, na waliombeba walikuwa wengi.

Siku ya arobaini, hitma ilipokwisha, Bi Moza akakileta chetezo, akakiweka mkekani katikati yao. Shauri sasa lilikuwa lake. Nami nilikuwapo, nikangoja kusikia wakigombana tena.

Kazija akakisukuma. "Si changu. Mie ndiye niliyesema vidonge ni chokaa. Mtu aliyetiwa shaka atashikaje masharti?"

Warda akakisukuma. "Si changu. Nilimpa sharti la asubuhi bila kumuuliza asubuhi yake ikoje."

Mzee Suwedi akakisukuma. "Si changu. Chai ilikuwa yangu."

Bi Moza akasema, "Nami nilijua, nikanyamaza. Ule mwezi nilioupoteza kwa chai ulikuwa na Ijumaa nne. Mama alinisuka tatu tu."

Chetezo kikabaki kati ya watu wanne, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, mliokaa hapa mkinitazama. Bi Raya alisema ni cha atakayemfikisha mwanawe juu. Hakusema ni cha asiye na kosa. Mwenye sindano, mwenye vidonge, mwenye chai, na mwenye miguu: kila mmoja alimpandisha, na kila mmoja alimchelewesha. Mimi nimezeeka nalo hili swali, na kila Ijumaa nalijibu vingine. Jibuni nyinyi, na msijibu kwa haraka: je, nani alistahili?