Pimbi na Vibao Vitano

Hapo zamani za kale, wanangu, Nyati alipokuwa bado anapiga hodi kabla ya kuingia na Fisi akifua shuka zake mwenyewe, Pimbi alikuwa na pango kavu juu ya kilima cha mawe. Lilikuwa na chumba cha nje, chumba cha ndani na jiko. Humo aliishi yeye na watoto wake watatu.

Kila masika wanyama wote walihamia pangoni kujikinga na mvua, na mwenyeji aliwachezesha mchezo wa safari. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mwenyeji anasimulia njia, na kila mgeni anajifanya msafiri, anasema anatenda nini. Penye shaka, vinarushwa vibao vitano, vyeupe upande mmoja, vyeusi upande wa pili. Vyeupe vikizidi, msafiri amefaulu. Vyeusi vikizidi, ameshindwa.

Lakini desturi ya kilima ilikuwa kali. Mchezo ukivunjika kabla mvua haijakatika, mwenyeji anahama na pango linachukuliwa na wengine. Na mvua ilihesabiwa kuwa imekatika siku Kobe akipita kizingitini bila kuacha alama ya mguu.

"Pango hili lilikuwa langu," Kobe alimwambia Pimbi. "Nilikuwa na sheria arobaini. Wageni wakalala, wakakoroma, mchezo ukafa. Akaja Tumbili, yeye hakuwa na sheria hata moja. Siku ya pili kila mgeni alikuwa sultani! Wakapigana, vyungu vyote vikapasuka. Angalia sana, binti yangu."

Pimbi alivifuta vibao, akavihesabu. Vitano. Akavihesabu tena. Vitano. Akaona afadhali avihesabu mara ya tatu.

Alipokwenda jikoni kuchota maji, akasikia mnong'ono nyuma ya mtungi.

"Mimi nitamkaba kwa sheria," alisema Nyati. "Kufungua mlango, vibao! Kupiga chafya, vibao! Watasinzia wote."

"Na mimi nitasema chochote," akacheka Fisi, "hii hii hii! Nitameza milima bila kurusha kibao hata kimoja. Wataona wivu, watagombana. Chumba cha ndani changu."

"Thubutu! Cha ndani changu mimi. Wewe lala jikoni."

 Watoto wake atawalaza wapi kwenye mvua ile? Akarudi kwa wageni na kata tupu mkononi. Maji alikuwa ameyasahau.

Mchezo ukaanza. Nyati alijifanya askari, Fisi akajifanya shujaa.

"Mmetoka nyumbani asubuhi," alianza Pimbi.

"Ngoja!" akanguruma Nyati. "Mlango umefunguka? Rusha vibao!"

Ta-ta-ta-ta-ta! Umefunguka.

"Na mguu? Umevuka kizingiti salama? Rusha!"

Ikafika saa sita mchana askari bado yuko mlangoni kwake. Kanga akapiga miayo. Kobe, ambaye sheria arobaini zilikuwa zake, naye akapiga miayo.

"Mimi nimeshafika mbali!" akadakia Fisi. "Nimeruka mto, nimemla joka, nimekuwa sultani!"

"Sultani nani alikuchagua?" akafoka Kanga. "Basi na mimi sultani!"

"Kaa chini, kuku wewe!"

"Kuku mama yako!"

Chungu kimoja kikaanguka, pwaa! Pimbi akaona nyumba inamponyoka hivi hivi. Akafikiri haraka. Kisha akajishika kichwa na kulia kwa sauti.

"Jamani, nimeshindwa! Bwana Nyati, sheria hizi zimenizidi, na hapa hakuna anayezijua kama wewe. Nakuomba uwe mlinzi wa sheria. Wewe ndiye utakayesema lini vibao virushwe. Ila kabla ya kurusha, utuambie kwanza: vikianguka vyeusi, msafiri atapata hasara gani? Kama hakuna hasara, tunapita."

Nyati akatuna kifua. "Hilo jepesi kwangu."

"Nawe Bwana Fisi, kwa kusimulia hatukuwezi. Kila vibao vikianguka, wewe ndiye utakayetueleza limetokea nini. Ila usivikanushe. Vikisema umeshindwa, umeshindwa. Tueleze vipi."

"Hii hii! Leo mtasikia!"

Wakakonyezana wale wawili. Mjinga huyu, kila mmoja aliwaza, anatukabidhi mchezo wote!

"Basi mmefika mtoni," alisema Pimbi. "Maji yamejaa, na ndani kuna mamba."

"Naruka!" akasema Fisi.

"Aka! Huruki bure!" Nyati akainua kwato. "Vibao!"

"Vikianguka vyeusi, Bwana Nyati?"

Nyati akafikiri. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Macho yakaanza kumng'aa. "Vikianguka vyeusi... mamba anamdaka mkia!"

"Eeee!" wakasema wote. Kanga akasogea karibu.

Ta-ta-ta-ta-ta! Vyeupe viwili. Vyeusi vitatu.

 Fisi akaushika mkia wake. "Mamba akanidaka mkia, kwacha! Nikamwambia, 'Ndugu yangu, unatafuna mzizi wa mti.' Akasema, 'Mbona mzizi unanuka hivi?'"

Wakacheka mpaka Kobe akapinduka chali. Nyati naye alicheka, kisha akapiga kelele, "Shikilia hapo hapo, mimi askari nakuja na kamba!"

"Kufunga kamba nako turushe vibao?" akauliza Pimbi kwa upole.

"Vya nini? Kila askari anajua kufunga kamba. Turushe wakati wa kumvuta! Vikianguka vyeusi, kamba inakatika na wote tumo majini!"

Siku zikapita. Wakavuka mto, wakaingia msituni, wakafika kwenye nyumba ya joka. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyekuwa sultani.

Asubuhi moja Pimbi akasikia ukimya juu ya paa la jiwe. Akatoka taratibu. Jua! Lakini hakuamini upesi. Alingoja siku nzima, manyunyu yasije yakarudi. Kesho yake akamwita Kobe kwa kidole. Kobe akapita kizingitini. Hakuna alama.

"Pita tena, babu."

Akapita. Hakuna.

"Mara moja ya mwisho, tafadhali."

"Binti yangu, mimi si fagio!" Lakini akapita. Hakuna.

Pimbi akausukuma mlango mpaka mwisho, kraa! Mwanga ukamwagika mpaka kwenye vibao.

"Funga!" akanguruma Nyati. "Joka ametuzunguka, nakaribia kurusha!"

"Nani anatuvurugia?" akalia Fisi.

"Mabwana," alisema Pimbi, "mvua imekatika tangu jana, na Kobe ni shahidi. Mchezo haukuvunjika. Chumba cha ndani ni cha wanangu, na jikoni hatulazi mtu."

Vibao vikamtoka Nyati kwatoni. Akamgeukia Fisi. "Si ulisema utauvunja?"

"Mimi? Wewe je, mlinzi wa sheria?"

Wakateremka kilima wakitupiana maneno. Walipofika chini, Nyati akasimama, akageuka. "Bi Pimbi! Na yule joka?"

"Atakungojeni masika ijayo," akajibu Pimbi. "Mtapiga hodi kama wageni wengine."

Nanyi wanangu, anayetaka kukuvunjia kazi yako, mpe sehemu yake aifanye vizuri.