Sikudhani na Nuru ya Pangoni

Sogeeni karibu, wenzangu, mwitikie. Habari ya pango Sikudhani aliambiwa kwanza na wifi yake, Mwatumu.

"Mle mna nuru inayoponya, wifi. Shehe aliiona, katekista aliiona, mganga wa mizimu aliiona. Kila mmoja anaiita kwa jina lake, lakini wote walitoka wakilia kwa furaha ileile."

Mtoto wa Sikudhani alikuwa hajanyonya siku mbili. Akambeba mgongoni, akashika kikapu cha ubani, akakimbia hadi pangoni.

"Vua viatu," sauti ikasema. Akavua.

"Weka kikapu." Akaweka.

"Sasa weka mtoto, uingie peke yako."

Sikudhani akaikaza mbeleko mgongoni. "Simweki."

"Shehe aliacha tasbihi, katekista rozari, mganga tunguri."

"Wale waliacha vitu. Huyu ni mtu!"

Sikudhani akageuka kuondoka. Akaona amemuua mwanawe kwa ubishi. Mara nuru ikatoka yenyewe nje, ikamgusa mtoto utosini, naye akaanza kulilia titi.

Kesho yake asubuhi, jirani mwenye mtoto mgonjwa akamwuliza njia. Sikudhani akamkazia mbeleko ya mtoto kwa mafundo mawili, ndipo akamwonyesha.