Pembe Isiyokanyagwa

“Shimo la nyumbani hukwepwa hata ugenini.”

Bibi Nyamizi aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye wavu wa kikapu aliokuwa akiushona. Mbele yake, wasichana wa timu ya kata walikuwa wametoka kufungwa ugenini alama arobaini na mbili kwa kumi na tisa, nao walikuwa wakibishana. Nusu walimlaumu kocha kwamba hajui kupanga mashambulizi. Nusu walilaumiana wao kwa wao. Mabishano yakakatika.

“Bibi, shimo gani tena?” aliuliza Sijali, aliyekuwa mrefu kuliko wote. “Sisi tumekosa vikapu, hatukuanguka shimoni.”

“Na mbona methali hiyo hatukufundishwa shuleni?” akadakia mwingine.

“Hamkufundishwa kwa sababu haikutoka kitabuni, ilitoka kwenye saruji. Kaeni basi. Ilizaliwa hivi.”

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikishona viti vya mabehewa katika karakana moja ya reli. Karakana ilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, na kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya ghala la magurudumu. Nasema kiwanja, lakini kilikuwa nusu tu. Goli la upande mmoja lilikuwa limeoza nguzo na kuanguka, kwa hiyo mechi zote tulicheza ugenini. Goli lililobaki nalo lilikuwa na kilema chake. Kwenye pembe ya kulia, gurudumu la behewa liliwahi kuponyoka kwenye mnyororo likaivunja saruji, likaacha shimo la kumeza mguu hadi kwenye kifundo.

Mwalimu wetu aliitwa Mihayo, fundi wa breki. Kila jioni alisugua grisi mikononi kwa mchanga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaja kutufundisha kana kwamba anakwenda ibadani. Kabla sijajiunga, mchezaji mmoja alivunjika mguu katika shimo lile, na Mwalimu akambeba mgongoni hadi hospitali. Tangu siku hiyo aliweka desturi. Mchezaji mpya, kabla hajagusa mpira, alishikwa mkono na Mwalimu, akapelekwa ukingoni mwa shimo, akaambiwa: “Mwanangu, hapa ndipo mguu wa mwenzako ulipovunjika. Usipasahau.” Nami nilishikwa mkono hivyo hivyo. Niliuona kuwa upendo, na hadi leo naamini ulikuwa upendo.

Nahodha wetu, Kalunde, alikuwa fundi wa kupaka rangi mabehewa. Mkono wake haukujua kutetemeka. Hata hivyo, mwaka ule tulikuwa tumecheza mechi tano na kufungwa zote tano. Mpira ulipofika mbele, sote tulisongamana upande wa kushoto kama mbuzi kwenye mlango mmoja, na walinzi wa timu pinzani wakatungoja pale pale.

“Nawachorea barabara pana, ninyi mnapita uchochoroni!” Mwalimu alilalamika.

Kalunde naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. “Chaki yako, Mwalimu, inapita kokote kwa kuwa hakuna anayeikaba!”

Kamati ya michezo ya karakana ilichoka. Mwenyekiti wake, Mzee Lugusha, akatamka kwamba tukifungwa tena kwenye mechi ya Dodoma, tumletee jina moja, la mwenye kosa, naye ataondoka kwenye timu. Halikuwa jambo dogo. Mwalimu Mihayo hakuwa na mke wala mtoto. Jioni zake zote zilikuwa pale kiwanjani. Naye Kalunde, kama alivyoniambia mara moja tu, hakuwa na mahali pengine duniani ambapo watu walilitaja jina lake kwa sauti, pasipo kuongeza kwamba ni mke wa fulani.

Dodoma tulifungwa hamsini kwa ishirini na moja.

Upepo ulikuwa mkali siku ile, umetandaza vumbi jekundu kiwanja kizima. Mechi ilipokwisha, Mwalimu na Kalunde walisimama katikati ya kiwanja wakirushiana maneno, kila mmoja akijua kuwa jina moja litaandikwa. Ndipo akaja mwanamke mfagizi wa kiwanja, Mama Chidawali, ufagio begani.

“Samahani, wageni,” alisema. “Mkimaliza kugombana mnipishe nifagie. Ingawa ninyi mna huruma na ufagio wangu.”

“Huruma gani, mama?” Kalunde alimjibu kwa ukali.

“Wakati wa mapumziko nilifagia kote, na vumbi likashuka upya. Goli hili ndilo mlilokuwa mkilishambulia baada ya hapo, sivyo? Tazameni. Kote mmelikoroga kama ng’ombe kisimani, isipokuwa ile pembe ya kulia. Kuna nyoka pale?”

Tukatazama. Pembe ile ilikuwa laini kama unga uliochekechwa sasa hivi, haina hata alama ya soli moja. Kule kwenye goli la pili, walikoshambulia wenyeji, pembe zote mbili zilikuwa zimevurugwa.

Mwalimu alikwenda taratibu, akapiga magoti na shati lake jeupe, akaipapasa saruji kwa kiganja. Alikuwa akitafuta shimo. Hakuliona.

“Hapa hakuna shimo,” alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, “Hapa hakuna shimo, na bado mmelikwepa. Ni mimi niliyewashika mkono.”

Kalunde alisogea hadi pale. Nilidhani angefurahi, kwa maana alikuwa ameshinda ubishi. Badala yake alichuchumaa karibu naye.

“Na miguu ni yetu, Mwalimu. Macho pia ni yetu. Shimo hili tumepanda nalo treni kutoka nyumbani, na hatukulikatia hata tiketi.”

Mwalimu akacheka, huku akijifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi.

Jumatatu waliitwa mbele ya kamati. Sisi wengine tulisikiliza dirishani.

“Haya, nani mwenye kosa?” aliuliza Mzee Lugusha, kalamu mkononi.

“Mimi,” alisema Mwalimu.

“Mimi,” alisema Kalunde papo hapo.

Mzee Lugusha aliwatazama mmoja baada ya mwingine. “Wiki jana mlisukumiana lawama kama kaa la moto. Leo mnanyang’anyana kama nyama ya sikukuu?”

“Mwenyekiti, niliwafundisha kuogopa,” alisema Mwalimu. “Sikuwafundisha kuacha kuogopa.”

“Nasi hatukutazama tulipo,” alisema Kalunde. “Tulitazama tulipotoka.”

Mzee yule alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu. Aliweka kalamu chini. “Kuna mechi ya Kigoma baada ya majuma matatu. Mkifungwa, nitaandika majina yote mawili, ubishi uishe.”

Jioni ile ile tulibeba kokoto za reli kwa karai, Mwalimu akakoroga saruji, shimo likazibwa. Saruji ilipokauka tukaanza mazoezi kwa furaha. Na je, mnajua nini kilitokea? Miguu ilikataa! Nikikimbia kuelekea pembe ile, mwili ulijipinda wenyewe kushoto. Mwanzoni tulicheka. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, maana tulianza kuogopa kwamba shimo lilikuwa ndani yetu na saruji haingelifikia.

Siku ya nne Mwalimu alivua viatu. Mtu yule, aliyepita miaka hamsini, alisimama peku juu ya kiraka cha saruji na kuanza kupiga kelele: “Pasi! Nipeni pasi! Hivi hamwoni mzee amesimama peke yake?”

Tukampa. Alirusha, mpira haukufika hata kwenye ubao. “Mwalimu, kikapu kiko juu, hakiko chini ya miguu yako!” Kalunde alimtania, na sote tukaangua kicheko, naye akacheka kuliko sisi. Alirudi kesho yake, na kesho yake tena, majuma mawili, nyayo zake zikiwa zimechubuka. Alikuwa ametufundisha hofu kwa kutushika mkono. Sasa alikuwa akiiondoa kwa miguu yake mwenyewe. Sijapata kuona unyenyekevu wa namna ile kwa mtu mwenye cheo. Jioni moja Kalunde alirusha pasi kwenye pembe ile bila kutazama, na mpira ukatua mikononi mwangu. Nilishtuka. Mwalimu alikuwa amejisogeza nje hatua moja, kimya kimya, na mimi nilikuwa nimesimama mahali pake.

Kigoma, zikiwa zimebaki sekunde chache, tulikuwa nyuma kwa alama moja. Kalunde aliingia na mpira kushoto, walinzi watatu wakamfunga njia. Zamani angelazimisha. Safari hii alirusha mpira kulia bila kugeuza shingo. Nilikuwa pembeni, peke yangu, miguu yote miwili chini. Nikarusha. Ukaingia.

Wenzangu walinibeba juu. Lakini nilipomtafuta Mwalimu kwa macho, nilimkuta hatazami kikapu wala ubao wa alama. Alikuwa ametazama pale pembeni, kwenye alama za viatu vyangu vumbini.

Karatasi ya Mzee Lugusha ilibaki tupu. Nasi tangu siku hiyo, tulipomsikia mtu akiuliza kosa ni la mwalimu au la wachezaji, tulimjibu kwa maneno hayo mliyoyasikia.

Bibi Nyamizi akakata uzi kwa meno. Sijali alikuwa ameacha kumtazama. Alitazama kiwanja chao wenyewe, upande wa kushoto, ambako bomba lilikuwa likivuja tangu mwaka jana na kuacha utelezi wa kijani.

“Jamani,” alisema polepole. “Leo, kule ugenini, kuna aliyepita kushoto?”

Wote wakageuka kuutazama utelezi ule. Sijali akasimama, akajifuta vumbi, akaita kuelekea benchi alikokaa kocha wao peke yake, ameinamisha kichwa.

“Kocha! Njoo tutembee kiwanja pamoja. Bibi anasema shimo la nyumbani hukwepwa hata ugenini.”