Wimbo Uliopita Ukutani

Inasimuliwa kwamba zama za Wajerumani, mjini Pangani, aliishi mcha Mungu mmoja, Maalim Shekue, rehema za Mola zimshukie. Chuo chake cha Kurani kilipakana ukuta kwa ukuta na kilabu cha tembo la mnazi. Humo kilabuni ndimo walimokutana watu wa chama cha ngoma kilichoitwa Bendera.

Ada ya vyama vile ilikuwa kutunga nyimbo za kejeli na kuzificha hadi siku ya mashindano. Wimbo ukivuja mapema, mahasimu hutunga jibu, na chama kizima huaibika.

Alasiri moja Maalim alikuwa akivuta uradi, akausikia wimbo wao mpya. Subhanallah, alikuwa akiimbwa yeye! "Paa la Maalim limetoboka, watoto wasoma huku waogelea!" Wakacheka mpaka wakapaliwa na tembo. Ikamuuma sana, kwa kuwa ilikuwa kweli: makuti yalishaoza. Wimbo ule ukitoka hadharani, mzazi gani angemwachia mwanawe?

Siku ya pili akaja Bwana Feruzi, mkuu wa chama hasimu cha Fanusi, aliyejua wembamba wa ukuta ule.

"Shikamoo, Maalim. Niambie tu wanaimba nini, nami nitakuezekea chuo kizima."

"Marahaba, mwanangu. Wale hawajui kama nawasikia. Maneno yao kwangu ni amana."

"Amana ya walevi, Maalim?"

"Mola hataniuliza walikunywa nini. Ataniuliza mimi nilisema nini."

Feruzi akatoka ameinamisha kichwa. Akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Fanusi aliyewahi kulifanya: akaingia kilabuni kwa mahasimu zake. "Nilitaka kununua wimbo wenu kwa paa zima," akawaambia. "Maalim hakunipa hata neno moja."

Vikombe vikawekwa chini. Feruzi hakujua wimbo ule ulimkejeli nani, wao walijua.

Siku ya mashindano Maalim alikwenda uwanjani, akajikaza kuipokea aibu yake. Zamu ya Bendera ikafika. Mwimbaji wao, Mbaruku, akasogea mbele, asifumbue kinywa. Ngoma nazo kimya. Hawakuwa na wimbo mwingine, nao walisimama vivyo hivyo wakizomewa na mji mzima, hadi zamu yao ikaisha wakashindwa. Maalim akajifunika uso kwa kilemba, akalia.

Paa lilikuja kuezekwa, lakini hilo ni dogo. Mimi kila nikikisimulia kisa hiki mwili hunisisimka: watu ambao hakuna waadhi uliowahi kuwagusa, waliguswa na neno ambalo mja yule hakulisema. Ewe Mola, tujaalie ndimi za namna hiyo.