Kipimo cha Tone la Damu

Chumba cha mwisho katika jengo la kemia kilikuwa chembamba kama kisanduku cha viatu, lakini ndani yake mlikuwa na mtambo wa kupimia damu ambao mkemia mmoja aliutunza kama mboni ya jicho. Mwanamke huyo hakuwa na maneno mengi. Aliosha chupa zake mwenyewe, na makala alizokwisha kuandika zilikuwa chache. Kubwa kati ya hizo ilieleza namna ya kupima, kwa tone moja la damu ya kidoleni, dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili. Dawa hiyo ikipungua haifui dafu mbele ya ugonjwa. Ikizidi ni sumu. Mjomba wake aliitumia, na ilipomzidi mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagikia magotini, majibu ya hospitali yangali njiani.

Mlango wa pili alikaa mkemia mwenzake, aliyebandikwa jina la Tarumbeta. Huyo makala zilimtoka kama mvua ya masika, na katika kila mpya alizitaja zake za zamani. Marafiki zake nao walimtaja, naye akawataja, mradi kila mmoja akamkuna mwenzake mgongo.

Siku moja mkurugenzi alitangaza kwamba mtambo ule atakabidhiwa yule ambaye kazi yake inanukuliwa zaidi katika makala za wataalamu wengine. Tarumbeta akaja na tabasamu pana.

"Dada, tusaidiane. Wewe ninukuu, nami nikunukuu. Mkono mtupu haulambwi."

"Nikunukuu makala ipi, kaka?"

"Yoyote! Hata ile ya rangi za kuta."

"Rangi za kuta na damu ya wagonjwa wapi na wapi?"

"Si zote kemia? Tia jina tu, nani atasoma?"

"Mimi nitasoma."

"Haya, kaa na chupa zako. Usije ukasema sikukwambia."

Mkurugenzi alihesabu. Kwa kuwa jengo ni la kemia, alitazama majarida ya kemia peke yake. Tarumbeta akaongoza kwa mbali, na yule mwanamke akaonekana mkiani. Mafundi waliambiwa wajiandae kuuhamisha mtambo. Ilibaki mtathmini kutoka nje aidhinishe, na kwa vile mtambo ulikuwa wa mambo ya afya, aliitwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili.

Siku ya tathmini kila mmoja alieleza kazi yake ukumbini. Tarumbeta alisema hadi koo likamkauka. Zamu ya mwanamke ilipofika, alisimama wima.

"Nilitafuta njia ya kupima dawa kwa tone moja. Nimeipata. Imeandikwa wazi, anayetaka aijaribu."

Akaketi. Daktari alivua miwani.

"Hebu subiri, mama. Kile kipimo cha tone ni chako?"

"Ni changu, daktari."

"Ala! Sisi tunakitumia kila asubuhi, nami nikidhani mwenyewe yuko mbali huko! Mkurugenzi, mbona katika ripoti yenu mmeandika kwamba hanukuliwi? Mlitafuta wapi?"

"Kwenye majarida ya kemia."

"Basi mlitafuta samaki juu ya mti. Apimaye yuko kwenu, lakini wagonjwa wako kwetu."

Akafungua kompyuta, akaingia katika majarida ya magonjwa ya akili. Makala zilizomnukuu mwanamke yule ziliteremka moja baada ya nyingine. Wengine walimsifu, wengine walibishana naye, wengine walikirekebisha kipimo chake kwa ajili ya watoto.

"Hata hawa wabishi," daktari alisema, "wanabisha kwa kuwa wamekijaribu."

Kisha akafungua zilizomnukuu Tarumbeta. Majina yalikuwa yaleyale, yakizunguka kama ngamia wa kinu.

"Hawa ni nani, bwana?"

"Ni... wenzangu."

"Na huyu anayekunukuu kuliko wote?"

Tarumbeta alijikuna kisogo. "Huyo ni mimi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka. Mkurugenzi alikiri kwamba hesabu yake ilikuwa na chongo, akaamuru mtambo ubaki kwa mwanamke yule.

"Dada, hukuniambia kama unasomwa hivyo," Tarumbeta alinong'ona walipokuwa wakitoka.

"Hata mimi sikujua, kaka. Nilikuwa kazini."

Kazi ya mmoja ilinadiwa na mwenyewe mlango hadi mlango. Ya mwingine ilitafutwa na wenye shida nayo. Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.