Fidia ya Minyoo wa Sultani

Mniwie radhi tangu sasa. Hekaya hii nitaiharibu. Ina minyoo, ina kinyesi, ina Sultani, na mimi nikishapata moto huwa nawachanganya. Mwenye chakula mkononi akimalize kwanza.

Palikuwa na Sultani aliyedai alipwe minyoo wake.

Aliitwa Sultani Ghalibu, na aliwapenda mbuzi kuliko watu, kwa kuwa mbuzi hawakumwomba kitu. Mwaka mmoja zizi zima likaugua. Manyoya yakasimama, matumbo yakavimba, mikia ikalowa. Tabibu wa kasri akawanywesha maji ya waridi. Mbuzi wakaendelea kuharisha, ila sasa kwa harufu nzuri.

Ndipo akaitwa Mwanatumu, mjane wa pembezoni mwa mji, mwenye mbuzi jike mmoja aliyeitwa Kidani, na mdomo usiojua kupumzika. Kidani ndiye aliyekuwa shamba lake na duka lake. Maziwa yake yaligandishwa kibuyuni yakauzwa, na kwa hayo nyumba ikala. Mwanatumu akawatazama mbuzi wa Sultani, akatazama na walichoangusha, akasema, "Hawa wana wageni tumboni."

Sultani akaahidi zawadi mbele ya watu, kama wafanyavyo masultani wakiwa na shida.

Mwanatumu akaponda majani ya mwarobaini, akawanywesha. Wageni wakahama, wengine wakiwa maiti. Kisha akawapa maziwa ya mgando, ili matumbo yaliyoachwa wazi yapate wapangaji wema. Tabibu akataka kuiga. Akakichukua kibuyu cha mjane, akakisugua kwa majivu mpaka kikatoa mlio, akatia maziwa. Yakaoza.

"Tabibu," akasema Mwanatumu, "kibuyu cha mtindi hakimalizwi. Ya jana yaliyobaki chini ndiyo yanayogandisha ya leo. Wewe umewafukuza wafanyakazi, sasa unashangaa kazi imelala."

Mbuzi wakapona, wakanenepa, wakaanza kupigana pembe. Mwanatumu akasubiri zawadi. Akaletewa askari.

Maana Sultani alikuwa mwepesi wa kuahidi na mzito wa kutoa. Alimwuliza Kadhi kama kuna njia. Kadhi alikuwa akila kasrini asubuhi na jioni. Hakukosa njia.

"Bibi," akaanza Sultani barazani, "wale mbuzi ni wa nani?"

"Wako, Mtukufu."

"Na minyoo waliokuwamo?"

"Hao hawakunitajia baba yao."

Kadhi akakohoa. "Sheria ni hii. Kila kilichomo tumboni mwa mbuzi wa Sultani ni cha Sultani. Minyoo walilala kwake, wakala kwake, wakazaa kwake. Umewaua bila ruhusa. Fidia ni mbuzi wako."

Nje, Kidani alikwisha kufungwa kwenye nguzo ya kasri. Mwanatumu akamsikia akilia, na moyo ukamshuka mpaka magotini. Mdomo ukabaki mahali pake.

"Kama nimekosa, nimekosa," akasema. "Lakini nielezeni, nisije nikarudia. Walikuwa minyoo wazuri?"

"Wazuri sana," akasema Sultani, akitaka thamani ipande.

"Walikuwa na kazi gani?"

"Walikaa."

"Wakila nini?"

"Walichokikuta."

"Na aliyewabeba akizidi kukonda?"

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi akalitazama tumbo lake, kisha akatazama dari.

"Usiwatukane marehemu," akasema Kadhi.

"Siwatukani, Sheikh. Nawafananisha tu."

"Na nani?"

"Sijamaliza kuchagua." Akasogea mbele kidogo. "Hebu nitajie tena ile sheria. Masikio ya maskini yanasikia mara ya pili."

"Kila kilichomo tumboni mwa mbuzi wa Sultani ni cha Sultani."

"Hata jani?"

"Hata jani."

"Hata likichumwa uani kwangu?"

"Likishamezwa, ni la Sultani."

"Na mtindi wangu?"

Hapo Kadhi akaona mjane anataka kudai bei ya maziwa. Akajibu mbiombio: "Mtindi, na vyote viishivyo ndani ya mtindi. Ukishapita kooni, wewe huna chako."

"Mtukufu, na wewe unasema hivyo?"

"Nasema hivyo," akajibu Sultani. "Hutarudishiwa hata tone."

"Nimeridhika. Sasa, marehemu niliwapiga mimi kwa fimbo?"

"Hapana."

"Niliwachinja?"

"Hapana."

"Walifia wapi?"

"Tumboni," akasema Sultani.

"Waliuawa na nini?"

"Na mwarobaini."

"Mwarobaini wa nani?"

Tabibu akaanza kuzikagua kucha zake.

"Mwarobaini wa nani, Mtukufu?"

"Wangu," akasema Sultani, polepole, kama mtu anayekanyaga gizani.

"Na wale waliohamia vyumba vya marehemu, wakakaa mlangoni ili minyoo wasirudi?"

"Wa mtindi."

"Wa nani?"

Sultani akamtafuta Kadhi kwa macho. Kadhi alikuwa anavaa viatu.

"Wangu pia," akasema Sultani.

Mwanatumu akaikaza leso yake kiunoni.

"Basi minyoo wa Sultani wameuawa na majani ya Sultani, na vyumba vyao vimekaliwa na mtindi wa Sultani, ndani ya mbuzi wa Sultani. Mimi nilikuwa napita. Naenda kumfungua Kidani. Wewe, Mtukufu, chagua mbuzi mmoja mnono, mtoe zizini kwa mlango wa mbele, mwingize kwa mlango wa nyuma, utakuwa umejilipa. Na ukiiona hukumu ni nzito, jiangukie miguuni ujiombe msamaha. Nasikia Sultani ni mtu wa huruma."