Majasusi Wawili na Chumba cha Mwisho

Wapendwa, asubuhi hii nawaomba mwende nami kidogo katika mtaa ambao haumo kwenye ramani yoyote. Nimeutunga. Na majina ya watu wake nimeyatunga, tena kamili, kwa sababu mwalimu wangu wa shule ya kati alitukataza kuandika "mtu fulani". Alisema fulani hana mama.

Katika mtaa huo mama mmoja, Hildegarda Mkunde, alikuwa na televisheni na king'amuzi. Kila Jumamosi jioni aliitoa televisheni kibarazani, akauza kahawa ya tangawizi, na majirani wakaja kutazama tamthilia ya kijasusi iliyotiwa sauti za Kiswahili. Majasusi wawili wanaume, Anselm na Viktor, walikuwa wakiwindwa nchi hadi nchi. Mtaa mzima uliwapenda. Watu walijua jina la mkubwa wao wa kazi, hata namba ya gari lao.

Katika sehemu ya sita Viktor alipigwa risasi. Anselm akampakata, akalia, akambusu, na halikuwa busu la ndugu.

"Zima hiyo, Mama Hilda," akasema Elifasi Kihiyo, mjumbe wa nyumba kumi. "Mimi nina watoto."

"Watoto wako wako kwa bibi yao tangu Jumatatu," akasema Perpetua Shekalaghe, mwalimu wa shule ya msingi. "Na hao wawili wameua watu kumi na wanane mbele ya macho yako. Hukusema zima."

"Kuua ndiyo kazi yao, Mwalimu."

"Na kupendana?"

"Mwalimu, usinifanye mwanafunzi wako."

Watu walicheka, lakini tangu jioni ile mtaa ulikuwa na pande mbili. Upande wa Mjumbe ulisema hii ni aibu, imeletwa kutuharibu. Upande wa Mwalimu ulisema moyo wa mtu ni wake, na hao wawili wanatunzana kuliko wengi tunaowafahamu waliofunga ndoa. Bombani ni hilo, dukani ni hilo. Na hakuna aliyeacha kutazama, hata Mjumbe mwenyewe.

Ndipo mtu mmoja akauliza: "Na hawa wetu wa chumba cha mwisho, je?"

Chumba cha mwisho cha nyumba ile ile kilikuwa cha Gideoni Semkiwa, fundi viatu aliyepofuka kwa ugonjwa wa sukari. Alikaa na Ananiya Kaniki, fundi mwenzake, ambaye alifanya naye kazi benchi moja miaka kumi na minne. Hawakuwa ndugu. Hawakuwa na wake. Kibarazani hawakuja, kwa kuwa mmoja haoni na mwingine hamwachi. Kabla ya hapo hakuna aliyejali. Sasa watu walianza kutazama mlango ule kama walivyotazama televisheni. Wakagundua kwamba kila asubuhi na kila jioni pazia lilifungwa kwa dakika chache, kisha likafunguliwa. Upande wa Mjumbe ukasema, "Mnaona?" Upande wa Mwalimu nao ukasema, "Mnaona?"

Mjumbe akamwita Ananiya nyumbani kwake, daftari la wakazi likiwa mapajani.

"Bwana Kaniki, wewe na Semkiwa ni ndugu?"

"Hapana, Mzee."

"Mna ujamaa wowote? Wa ndoa, wa ukoo?"

"Hatuna."

"Basi unakaa kwake kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hana mwingine."

"Hilo si jibu la kuandika hapa," akasema Mjumbe. "Utafute pengine. Nakupa siku tatu, nami nimekustahi."

Ananiya hakubishana. Siku ya tatu, alfajiri, alikwenda kwa Mwalimu Perpetua.

"Mwalimu, nimesikia umetutetea. Asante. Sasa nakuomba kitu kimoja. Gideoni anachomwa sindano ya sukari mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mwenyewe haoni alama za kipimo. Dawa iko ndani ya chungu chenye maji, nyuma ya mlango, isipate joto. Ukimaliza kumchoma, mpe uji. Na pazia ulifunge, maana anaona haya kuonekana tumbo wazi. Nikipata pa kukaa nitakuja kumchukua. Haitazidi wiki mbili."

Mwalimu alisikitika kwa dhati. Akasema, "Nenda kwa amani, baba. Nitakuwa naye."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jioni alikwenda. Jumanne alikwenda asubuhi na jioni. Jumatano asubuhi, alipofunga pazia, alisikia watu wakicheka uani, na mtu akasema, "Kumbe Mwalimu naye ameingia kwenye tamthilia." Jioni ile hakwenda. Alijiambia atamtuma mtu. Alhamisi kulikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Jumamosi ilikuwa sehemu ya nane. Kibaraza kilijaa kuliko siku zote, na mabishano yalianza hata kabla ya picha. Mwalimu alisema vizuri sana jioni ile. Alisema mtu asihukumiwe kwa yule anayempenda. Wengine walimpigia makofi. Katikati ya maneno yake kulisikika kugonga, ukuta wa chumba cha mwisho ukigongwa kwa kitu kizito, polepole.

"Nani huyo anatusumbua?" akauliza Mjumbe.

Mwalimu alijua ni nani. Akainama juu ya kikombe chake.

"Ongeza sauti, Mama Hilda," watu wakasema. Mama Hilda akaongeza sauti.

Jumapili asubuhi walimkuta Gideoni Semkiwa sakafuni, kile kiatu cha chuma ambacho fundi hugongea soli juu yake kikiwa mkononi, amekwisha kufa. Dawa ilikuwa ndani ya chungu, bado ya baridi.

Wapendwa, nimewaona mkisogea mbele kwenye mabenchi. Ninyi mna swali, nami nalijua. Mnataka niwaambie: hawa wawili walikuwa kama wale wa kwenye televisheni, au hawakuwa? Upande mmoja wenu unataka niseme hawakuwa, ili mpate kumlilia Gideoni bila wasiwasi. Upande mwingine unataka niseme walikuwa, ili mpate kumlaani Mjumbe kwa raha. Sitawaambia. Mtu amekufa ukutani kwetu, nasi bado tunataka kujua kilichokuwa nyuma ya pazia.

Yale ambayo Kanisa letu linafundisha mnayajua. Sikuja kuyabadili wala kuyarudia. Nauliza jambo jingine. Nani alimuua Gideoni? Mjumbe, aliyemfukuza mtunzaji wake kwa kutokujua? Au Mwalimu, aliyejua kila kitu, akasema maneno mema, akabaki amekaa? Mimi sioni tofauti kubwa, na kama ipo, haimsaidii Mwalimu. Sisi tunapenda kuwa na upande. Ukiwa na upande unajisikia umefanya kazi. Tunarudi nyumbani tumechoka kwa kusema, tukadhani tumechoka kwa kutenda. Je, mgonjwa alipata uji kwa sababu tulishinda ubishi?

Basi sitaki mtoke hapa mkijadili mfano wangu. Kila mmoja na amtafute moyoni mgonjwa mmoja anayekaa karibu naye. Ataje jina lake lote, na saa anayokunywa dawa, na nani anampa.

Mimi nilijaribu juzi. Jirani yangu wa upande wa magharibi ana mwezi wa pili hatoki ndani. Nimekaa naye ua mmoja miaka tisa, na nilikuta najua jina lake la ubatizo tu. La baba yake silijui. Leo, tukimaliza ibada, nakwenda kumwuliza, na nitakaa mpaka anieleze na mengine.

Tusimame.